Kioo kinasema mita 28, nanga inakwenda 40

Wanaovua kwa mshipi kando ya mafungu ya Tanga wakishafunga fishifainda, ile mashine inayopima kina na kuonyesha samaki kwa mwangwi wa sauti, lalamiko la kwanza huwa hilo: kioo chake kinasema mita 28, nanga inakwenda 40. Mashine ni nzima. Ile namba ya kina si lazima iwe ya kilicho chini ya boti moja kwa moja. Ni ya sakafu ya kwanza kurudisha mwangwi, popote ilipo ndani ya koni ya sauti, yaani umbo la pia ambalo sauti inatanuka nalo kwenda chini.

Transdyusa, kile kifaa cha majini kinachotoa sauti na kupokea mwangwi, inapopiga, sauti inatanuka kadiri inavyoshuka. Kwa koni yenye pembe ya nyuzi 20, kipenyo cha eneo linalopigwa ni kama theluthi moja ya kina: kwenye mita 30 unaona duara la mita 10 na ushei. Kwa nyuzi 60, kipenyo kinazidi kina chenyewe kidogo, yaani mita 30 za maji zinakupa duara la karibu mita 35. Kwa nyuzi 12 ni moja ya tano tu, mita 6. Kwa kawaida masafa ya juu, kama kilohezi 200, huja na koni nyembamba, na ya chini, 50 au 83, huja na koni pana. Hakikisha kwenye karatasi ya transdyusa yako, maana hata ukubwa wa kile kidude cha ndani kinachopiga sauti hubadilisha nyuzi.

Turudi kwenye fungu. Boti imeelea juu ya mita 40, na kichwa cha mwamba kipo mita 25 chini ya maji, mita 12 upande wa kushoto. Koni ya nyuzi 60 kwenye kina cha mita 25 inafika mita 14 kila upande, kwa hiyo inakigusa kile kichwa. Umbali wa mshazari kutoka transdyusa hadi pale ni kama mita 27.7, na hiyo ndiyo namba unayoisoma. Kioo hakijui kushoto wala kulia, kinajua umbali tu. Kuanzia hapo kwenda chini kinapaka rangi ya sakafu, na chewa waliojibana kwenye mguu wa mwamba wanapotelea humo. Badili uende kwenye nyuzi 20: koni inafika mita 4.4 tu kila upande pale kwenye mita 25, mwamba unakuwa nje, na namba inarudi 40. Ndiyo maana kwenye ukingo mkali sioni sababu ya kutumia koni pana, hata kama muuzaji anaisifia kwamba inaona eneo kubwa.

Hata sakafu ikiwa tambarare kuna samaki wanaofichwa. Kwenye mita 30, koni ya nyuzi 60 inafunika samaki yeyote aliye ukingoni mwa koni akiwa chini ya mita 4 kutoka sakafuni, kwa sababu mwangwi wake unafika baada ya ule wa sakafu iliyo katikati. Kwa nyuzi 20 pengo hilo ni nusu mita. Changu na chewa wanakaa humo humo.

Sasa yale matao ya samaki kiooni ambayo kila mtu anayatafuta. Samaki akiingia ukingoni yuko mbali na transdyusa, akifika katikati yuko karibu, akitoka yuko mbali tena. Hapo tao linajichora. Samaki aliye kwenye kina cha mita 20 ndani ya koni ya nyuzi 20 anachora tao lenye kimo cha sentimita 30 tu, ambalo kwenye kioo kilichowekwa mita 0 hadi 40 linaonekana kama kistari. Ndani ya nyuzi 60 samaki huyo huyo anaweza kuchora tao la mita 3. Kwa hiyo tao kubwa si samaki mkubwa. Na ukitia nanga, samaki aliyetulia chini ya boti anachora mstari mrefu usio na tao. Mstari huo usiupuuze.

Kosa lingine ni la mahali pa kuketi. Transdyusa imefungwa tezi, yaani nyuma ya boti, mvuvi anashusha mshipi omo, yaani mbele, kati yao mita 6. Kwenye maji ya mita 15, koni ya nyuzi 20 inafika mita 2.6 tu kutoka katikati, kwa hiyo anavua nje ya anachokiona. Shusha chubwi (risasi ya mshipi) nzito karibu kabisa na transdyusa, maji yakiwa yamelala, uone mstari wake ukishuka kiooni. Kisha uisogeze pole pole kuelekea omo mpaka mstari upotee. Hapo umepata nusu ya upana wa koni yako, kwa usikivu ulioweka, yaani kiasi mashine inavyokuza mwangwi.

Usikivu nimeutaja kwa makusudi. Ukingo wa koni si ukuta. Sauti inafifia taratibu kutoka katikati. Nyuzi zinazoandikwa kwenye boksi ni za pale nguvu inapokuwa imeshuka kwa desibeli 3, au 10, kutegemea kampuni, na mwale uleule mmoja unaweza kuuzwa kama nyuzi 12 huku na 20 kule. Ukipandisha usikivu, vya pembeni vilivyokuwa hafifu vinajitokeza, kana kwamba koni imetanuka, pamoja na takataka zake.

Koni pana ina kazi yake: kusaka makundi ya vibua au dagaa katikati ya maji, na kwenye maji mafupi ya Bagamoyo, ambako kwa mita 8 nyuzi 20 zinakupa duara lisilofika mita 3. Kwenye Mkondo wa Pemba masafa ya chini hayakwepeki, kwa kuwa ya juu humezwa na maji kabla ya kufika mbali.

Kama boti yako ni mashua na transdyusa imefungwa kwenye mti ubavuni, angalia wima wake. Ikiinama nyuzi 10, kwenye mita 60 katikati ya koni inahama zaidi ya mita 10. Ikiwa imeinama kuelekea omo au tezi, matao yatakuwa na mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi: mguu wa kushoto, yaani wa mwanzo, ukizidi, uso wa transdyusa unatazama mbele, urudishe nyuma kidogo. Ikiinama kwenda ubavuni, matao hayatakuambia kitu. Hapo tumia timazi, maji yakiwa yametulia.