Volkano Mbili Zilizogunduliwa kwa Kulinganisha Ramani

Tarehe 11 Novemba 2018, kituo cha kupima mitetemo cha Kilima Mbogo, hapa hapa Kenya, kilinasa wimbi lisilofanana na tetemeko la kawaida. Tetemeko huja kwa fujo, mawimbi ya kila aina yakifuatana na kupishana. Hili lilikuwa la aina moja tu, likipanda na kushuka kila baada ya sekunde zipatazo 17, na likadumu kwa zaidi ya dakika 20. Lilizunguka dunia hadi Chile, New Zealand na Hawaii bila mtu yeyote kulihisi. Huku Mombasa habari hiyo ilitufikia kwenye simu ikiwa imeshavishwa vimondo na silaha za siri, ingawa wenye jamaa zao Ngazija na Maore walikuwa na fununu iliyo bora zaidi, kwa kuwa kisiwa cha Mayotte, yaani Maore, kilikuwa kimetikisika tangu mwezi Mei.

Matetemeko hayo yalianza tarehe 10 Mei 2018, na siku tano baadaye likapiga moja lililokaribia kipimo cha 6, kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa katika Visiwa vya Komoro. Familia nyingi zililala nje kwa kuhofia kuta zilizopasuka. Wakati huo huo vipokezi vya setilaiti vilivyofungwa kisiwani vilionyesha kwamba Mayotte nzima inasogea upande wa mashariki na kudidimia. Baada ya muda ilikuwa imehama kwa zaidi ya sentimita 20 na kushuka kwa sentimita zipatazo 15. Mkaazi wa pwani hahitaji kuelezwa uzito wa sentimita 15 maji ya bamvua yanapojaa.

Ardhi ikididimia na kuvutwa upande mmoja namna hiyo, wanajiofizikia huelewa kwamba kuna kitu kinachoondoka chini yake. Kilichokuwa kikiondoka ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka, na hifadhi yake ilikuwa na kina cha ajabu, zaidi ya kilomita 25 chini ya sakafu ya bahari, ilhali volkano nyingi hulishwa na hifadhi zilizo kilomita chache tu kutoka juu. Watafiti waliolichambua wimbi la Novemba walieleza kuwa ni mvumo wa hifadhi hiyo ilipokuwa ikipungua na miamba ya juu yake ikibonyea, mfano wa mtungi unaovuma ukipulizwa mdomoni.

Hata hivyo, hayo yote yalikuwa ushahidi wa mbali. Mlima wenyewe wa volkano haukuonekana mpaka Mei 2019, meli ya utafiti ya Ufaransa, Marion Dufresne, ilipopima sakafu ya bahari kwa mawimbi ya sauti na kuukuta umbali wa kilomita 50 mashariki ya Mayotte, umesimama kwa urefu wa mita 820 mahali palipo na kina cha mita 3,500. Baadaye ukapewa jina la Fani Maoré. Na hapa ndipo penye jambo linalonivutia kuliko mengine yote katika kisa hiki: sehemu hiyo ilikuwa imepimwa mwaka 2014, na katika ramani ya wakati huo hapakuwa na mlima wowote. Watafiti walitoa ramani moja kwenye nyingine wakapata kilomita za ujazo 5 za lava, hesabu ambayo safari zilizofuata ziliipandisha hadi 6.5 hivi. Tangu mlipuko wa Laki nchini Iceland mwaka 1783, wanasayansi hawajawahi kurekodi lava nyingi kiasi hicho kutoka mlipuko mmoja. Lau ramani ya 2014 isingekuwapo, Fani Maoré ungehesabiwa kuwa mlima mwingine tu wa chini ya bahari, usiojulikana umri wake, na mjadala kuhusu chanzo cha matetemeko ungeendelea hadi leo.

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kwenye sayari ya Zuhura. Chombo cha anga cha Magellan kiliipiga picha kwa rada, kikipenya mawingu yake mazito, kati ya mwaka 1990 na 1992. Mnamo Machi 2023, watafiti Robert Herrick na Scott Hensley walitangaza kwamba tundu moja kwenye volkano ya Maat Mons lilikuwa limepanuka na kubadilika umbo kati ya Februari na Oktoba 1991, ishara kwamba volkano hiyo ilikuwa hai. Picha hizo zilikaa kwenye hifadhi kwa miaka zaidi ya 30. Ugumu ulikuwa kwamba zilipigwa kutoka pembe tofauti, hivyo ilibidi kuzilinganisha kwa macho kwa muda mrefu kabla ya kuamini kwamba kilichobadilika ni ardhi yenyewe, si mwangaza wa rada.

Magellan ilipiga picha takriban asilimia 98 ya uso wa Zuhura. Sakafu ya bahari za dunia yetu, kwa upande wake, imepimwa kwa vyombo vya kisasa kwa kiasi cha robo moja tu. Nakiri kwamba ulinganisho huu hupendwa na watu wanaopenda kushtua, na picha za Zuhura ni za kijumla mno kulinganishwa na kipimo cha meli. Lakini hoja yenyewe inasimama. Kenya ina meli ya utafiti, Mtafiti, na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ambayo makao yake ni hapa Mombasa. Kila panapozungumzwa matumizi yake, swali la kwanza huwa ni samaki. Sipingi, kwani samaki ni chakula cha watu. Nasema tu kwamba kipimo cha sakafu ya bahari hakiwezi kufanywa baada ya tukio kisha kikaitwa cha kabla yake.

Lava mpya ya Fani Maoré haijaonekana tangu mapema mwaka 2021. Matetemeko madogo yameendelea hata hivyo, mengi yakiwa kilomita 5 hadi 15 tu mashariki ya Petite-Terre, kisiwa kidogo chenye uwanja wa ndege wa Mayotte, na katika eneo hilo gesi hutoka kwenye sakafu ya bahari. Wataalamu wa Ufaransa wanalichunga eneo hilo kwa makini kuliko mlima wenyewe, kwa sababu kina chake ni kifupi zaidi na watu wako karibu.