Nilivyoendesha baiskeli kipupwe chote Njombe

Asubuhi ile ya mwezi wa Juni nilikuwa nateremka kuingia mjini Njombe, nikirudi kutoka upande wa barabara ya Makambako. Mbele yangu kulikuwa na kona na lori la magogo linalopanda polepole. Nikataka kushika breki. Viganja vilikuwa juu ya hendeli, vidole vimelala juu ya breki kama kawaida, lakini havikukunja. Vilikuwa vimekufa ganzi vyote kumi. Nikakandamiza breki kwa mizizi ya viganja, nikateremsha mguu mmoja, soli ikaburuzika kwenye changarawe ya pembeni hadi baiskeli ikasimama. Lori likapita. Nikabaki nimeinama juu ya usukani, natetemeka.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akasimama. "Dada, umeumia?" Nikamwonyesha mikono. Nilikuwa tayari nainyoosha kuelekea injini ya pikipiki yake, akaizuia. "Usiguse hapo, dada. Utaungua na hutajua kama unaungua. Tia makwapani." Nikaitia makwapani, ndani ya sweta, tukasubiri. Anayeijua baridi ya kweli anajua kwamba maumivu hayaji wakati vidole vinakufa, yanakuja damu inaporudi. Nililia pale barabarani, mtu mzima, na yule kijana akawa anatazama upande wa pili kwa heshima.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu baiskeli si chombo cha watu maalumu. Mama anakwenda sokoni kwa baiskeli akiwa na kanga zake, mzee anakwenda msikitini, mwanafunzi anampakia mwenzake. Nilianza safari ndefu nikiwa kijana, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla jua halijawa kali, kwenda Pongwe au kuzunguka Raskazone kutazama bahari. Baadaye nikanunua Dar es Salaam baiskeli ya mashindano ya mtumba, tairi nyembamba za milimita 28, hendeli zimejikunja kama pembe za kondoo. Ndiyo niliyokuja nayo Njombe nilipohamishiwa kikazi.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku na alfajiri joto linashuka chini ya digrii 5, na mabondeni sakitu inaanguka, nyeupe juu ya majani ya viazi. Mkulima akiamka akaikuta anasimama shambani kimya, maana jua likipanda kidogo tu majani yanageuka meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mwaka wangu wa kwanza nilipoona hivyo nilitundika baiskeli ukutani na sikuishusha mpaka Septemba. Miezi ile mitatu ilinifundisha kitu ambacho sikukijua juu yangu. Nilikuwa silali vizuri, kazini nakasirika kwa mambo madogo, Jumamosi inafika sijui niifanyie nini. Kwa hiyo mwaka wa pili niliapa kwamba kipupwe hakitaninyang'anya tena. Siku ile ya vidole ilikuwa safari yangu ya pili tu tangu kiapo hicho.

Nilianza na mikono. Glovu zangu zilikuwa za Tanga, zisizo na ncha za vidole, za kuzuia jasho tu. Nikaenda sokoni kwenye mitumba nikapata za sufu, nene, nzuri kwa macho. Nikajaribu: kilomita tano za kwanza safi, mteremko wa kwanza vidole vikafa tena. Nikaelewa kwamba sufu inatunza joto lakini haizuii upepo, na anayeniumiza hasa ni upepo. Hewa ya digrii 5, ukiikata kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi inaisikia kama digrii 1 chini ya sifuri. Na mwendo huo kwenye miteremko ya Njombe unaufikia bila kukanyaga pedeli hata mara moja.

Bodaboda wa hapa wanajua siri hiyo. Wamefunga kwenye hendeli mifuko mikubwa ya turubai, mkono unaingia mzima, upepo unabaki nje. Kwenye hendeli zangu zilizopinda mifuko ile haikai. Nikamwendea fundi cherehani, nikamwachia koti la mvua lililochanika na glovu zangu za sufu kama kipimo. Akanishonea glovu za juu, pana, zenye kidole gumba na vyumba viwili tu: vidole viwili huku, viwili kule. Hilo la vidole kukaa wawiliwawili lilikuwa wazo lake. Alisema kidole kikiwa peke yake kinapoa, kikiwa na mwenzake wanapashana moto. Nikizivaa juu ya zile za sufu naweza kushika breki na kubadilisha gia. Kati ya vitu vyote nilivyotumia fedha kipupwe kile, hizo ndizo nitakazozitunza.

Nayachukulia mambo ya vidole kwa uzito kwa sababu nimesoma habari za Bernard Hinault, yule bingwa wa baiskeli wa Ufaransa. Mwaka 1980 alishinda mashindano ya Liège–Bastogne–Liège huko Ubelgiji ndani ya theluji. Walioanza walikuwa 174, waliomaliza ni 21. Yeye alimtangulia wa pili kwa zaidi ya dakika tisa, na vidole viwili vya mkono wake havikurudi kuwa kama zamani maisha yake yote. Alikuwa bingwa mkubwa kuliko wote wa siku zake, na baridi haikumwonea haya.

Kifua nilikiokoa kwa gazeti. Hilo nalo nililiona kwa bodaboda: kabla ya safari ya alfajiri anakunja gazeti mara mbili, analiweka kati ya shati na koti. Waendeshaji wa mashindano makubwa ya Ulaya wamefanya vivyo hivyo kwa miaka mingi, wakifika kileleni mwa mlima wanapewa gazeti na watazamaji, wanalitia kifuani kabla ya kuteremka. Karatasi inazuia upepo na inanyonya jasho. Gazeti moja nalitumia safari mbili, likilowa sana nalitoa.

Jasho ndilo nililochelewa kulielewa. Mwanzoni nilikuwa natoka nyumbani nimevaa mpaka nasikia joto mlangoni, nikiamini nimejiandaa. Njombe haina barabara tambarare. Unatoka tu, unakutana na kilima. Nikifika juu nguo ya ndani imelowa chapa, halafu unakuja mteremko wa dakika nne, tano, na lile jasho linageuka kuwa maji ya barafu mgongoni. Siku hizi natoka nikiwa nasikia baridi kidogo, kwa makusudi. Kilima kikianza nafungua zipu ya koti mpaka kifuani kabla jasho halijatoka, na nikikaribia kilele nafunga mpaka shingoni, kabla sijaanza kuteremka. Kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, labda mara ishirini kwa safari moja. Inachosha kuisoma hapa kuliko kuifanya. Mwili ukishazoea, mkono unakwenda wenyewe kwenye zipu.

Miguu ilikuwa rahisi. Soksi, juu yake nailoni, juu yake kiatu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo natumia nailoni za mikate, na jirani zangu sasa wananitunzia.

Badiliko lililonigharimu kuliko yote halikuwa la nguo, lilikuwa la saa. Mtu wa Pwani hawezi kuamini kwamba baiskeli inaendeshwa jua likiwa juu. Tumelelewa kulikimbia jua. Lakini Njombe mwezi wa Julai jua lenyewe linachomoza karibu saa moja kamili, na hata likichomoza ukungu unalifunika. Nimewahi kuendesha kwenye ukungu ule siku mbili tatu za mwanzo. Huoni mita 30 mbele, matone yanakusanyika kwenye kope, na gari unalisikia kabla ya kuliona, hujui linatoka mbele au nyuma. Nilikuwa na taa nyuma na kizibao cha kuakisi mwanga, na bado moyo ulikuwa mdomoni. Nikaacha. Sasa naondoka saa tatu, wakati mwingine saa tatu na nusu, ukungu ukiwa umenyanyuka juu ya mashamba ya chai. Mwanzo nilijiona mvivu. Kisha nikagundua kwamba asubuhi nzima ilikuwa yangu, naweza kunywa uji kwa raha na kuikagua baiskeli.

Na baiskeli kipupwe inataka kukaguliwa. Umande unaingia kwenye mnyororo, vumbi la malori linashikana nalo, baada ya wiki moja unasikia ukisaga. Naufuta kwa kitambaa kila nikirudi na kuutia tone moja moja la mafuta. Upepo wa tairi nao unapungua kwa baridi: nikijaza usiku ndani ya nyumba hadi psi 80 kwenye kipimo cha pampu, asubuhi nje nakuta kama 76. Si tairi inayovuja, ni hewa iliyosinyaa. Fundi wangu wa Tanga angetafuta tundu siku nzima.

Mama mwenye nyumba wangu hakupenda. Kila Jumamosi alisimama kibarazani na blanketi lake mabegani. "Mwanangu, baridi hii itakuingia kifuani, utalala hospitali." Sikubishana naye, amewaona watoto wengi wakiugua miezi hii na hofu yake ilikuwa ya upendo. Nilichofanya ni kumwonyesha gazeti, glovu, nailoni, kitu kimoja kimoja. Akavipapasa. Wiki iliyofuata alinipa chupa ya chai ya tangawizi ya moto nitie kwenye chupa ya baiskeli badala ya maji. Alinisaidia kuliko alivyojua, kwa sababu kwenye baridi kiu haiji, unasahau kunywa, na kichwa kinaanza kuuma saa mbili baadaye bila wewe kujua kwa nini. Chai ya moto huisahau.

Jumamosi ya mwisho ya Julai nikaenda Makambako. Ni kama kilomita 60, na nilikuwa sijawahi kuzimaliza kwenda na kurudi kwa siku moja. Kwenda kulikuwa kutamu. Miezi hii ni ya kusi, upepo ule ule tunaoujua Tanga kwa kusukuma majahazi, na huku juu unafika mkavu na mbaridi. Uliniegemea mgongoni na ubavuni, nikapita vijiji na mashamba ya miti ya mbao kama ninayevutwa kwa kamba. Watoto walipiga kelele, kina mama waliokaa na ndoo za viazi pembeni ya lami walinisalimu "kamwene" nami nikaitikia "kamwene". Baada ya saa mbili na nusu nikawa Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Tunduma. Nikala chapati mbili na chai kwenye kibanda karibu na stesheni ya TAZARA, nimekaa juani, gazeti nimelitandaza kwenye benchi likauke.

Kurudi, kusi ikadai chake. Makambako ina sifa ya upepo, na siku ile ulinikabili uso kwa uso. Nilishika hendeli chini kabisa, kidevu karibu na usukani, nikashuka gia ya chini hata mahali pasipo na kilima. Kilomita 12 kwa saa, wakati mwingine 10. Nilisimama mara tatu nyuma ya ukingo wa barabara, si kwa sababu ya miguu, bali masikio yalichoka na mvumo. Kila niliposimama nilifanya jambo moja: nilivua glovu na kukigusa kidole gumba kwa kila ncha ya kidole, cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, mikono yote miwili. Kama kidole kimoja kingeshindwa kufika, ningesubiri basi. Vyote vilifika.

Saa kumi na mbili jioni nikawa juu ya mteremko ule ule wa kuingia mjini. Nikafunga zipu mpaka shingoni. Nikaachia. Kona ikaja, nikashika breki kwa vidole viwili viwili, baiskeli ikapungua mwendo taratibu kama nilivyotaka.

Yule kijana alikuwa kijiweni na wenzake, wamejikusanya kuzunguka jiko la mkaa. Akaniona. "Dada, mikono vipi?" Nikavua glovu nikakunja na kukunjua vidole mbele yake. Akasogea pembeni kunipa nafasi kwenye moto.