Geji inaonyesha presha, mlimani lori halivuti

Mzee aliingia hapa gereji kwangu, Ipogolo, Iringa, saa mbili asubuhi. Semi yake ilikuwa imebeba mbolea inakwenda Tunduma. Mlima mkali wa Kitonga aliupanda usiku kwa gia ya kwanza, utingo anatembea nyuma ya tela na gogo la kuzuia tairi.

"Fundi, nozeli zote sita nimebadilisha. Sasa wananiambia pampu imekufa."

Niliumia. Lori ni lake, tena la mkopo.

"Mzee wangu, hatununui kitu kabla ya kupima."

Nikafunga geji ya presha ya dizeli kati ya filta na pampu ya nozeli, ile inayozilisha nozeli dizeli ya kupuliza ndani ya injini. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, mshale ulisimama bar 1.5. Safi. Mafundi wengi wanaishia hapo, wanafungua geji na kuanza kuulizia bei ya pampu ya nozeli. Nikamwambia utingo akanyage mafuta mpaka mwisho, asiachie. Mshale ukateremka: 1, 0.8, ukafika 0.4 ukakaa.

Injini isiyo na kazi inakula kidogo, hata njia iliyobanwa inaishibisha, na geji inaonekana nzuri. Mlimani inataka dizeli nyingi kwa mkupuo, na pampu ndogo ya kuvuta mafuta haiwezi kusukuma ambacho haijakivuta.

Nikaitenga hiyo pampu ndogo na tangi, nikaivutisha kutoka kwenye dumu la lita 20 kwa mpira mweupe unaoonyesha ndani. Hakuna povu la hewa hata moja. Utingo akakanyaga tena: 1.4, haushuki. Pampu ndogo nzima kabisa! Ubaya ulikuwa kati yake na tangi.

Mpira wa kutoka kwenye tangi kwa nje haukuwa hata na mchubuko. Nikaupasua kwa kisu. Ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka, inaning'inia kama kimio. Mafuta yakipita polepole inalala pembeni. Yakivutwa kwa nguvu inainuka na kuziba njia. Mzee akakichukua kile kipande, akawa anakiinua na kukilaza kwa kidole gumba, kimya, kwa muda mrefu.

Tukafunga mpira mpya wa dizeli, tukapiga pampu ya mkono mpaka hewa ikaisha. Mshale ukarudi 1.4 na utingo kakanyaga mpaka chini.

Zile nozeli za zamani bado anazo, kazifunga kwenye kitambaa nyuma ya kiti. Nimemwomba azilete akirudi kutoka Tunduma nizipime. Nina hofu zilikuwa nzima.