Marehemu hajamaliza

Jana usiku kwenye grupu la msiba wa jirani wamenipangia kazi, "dada utuandikie wasifu wa marehemu, we si ndo mwandishi". Nikajibu sawa, nikafungua laptop, nikaandika "Marehemu alizaliwa" halafu nikakwama hapo hapo mpaka chai ikapoa. Maana mara ya mwisho kuandika maneno hayo, aliyekuwa ananitajia niandike ni marehemu mwenyewe.

Ilikuwa 2011, Marangu, Baba karudi kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, mara ya tatu, saratani ya tezi dume imeshaingia kwenye mifupa, yeye anajua, sisi tunajua, na wote tunajifanya tunaongelea bei ya kahawa. Jioni moja kakaa barazani na blanketi miguuni akaniambia mama, lete kauntabuku na peni. Nikajua ni mambo ya mipaka ya kihamba, shamba letu la ukoo, kumbe wapi.

"Andika. Marehemu alizaliwa mwaka 1947, tarehe hakuijua, alipewa na mwalimu siku ya kuandikishwa shule."

Nikamwangalia. "Andika bwana! Alifundisha hesabu miaka 31 na hakuna mwezi hata mmoja hesabu za nyumbani kwake zilitoka. Ameacha mjane mmoja, wakijitokeza wengine siku ya msiba wapeni chai, wali hapana."

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi mshare, akatoka na kisu mkononi, "We mzee unajichuria!" Baba wala hakugeuka. "Andika na hiyo, marehemu aliishi na mjane wake kwa amani."

Ndo akafika 1983, ule msako wa wahujumu uchumi, sukari haipatikani na ukikutwa nayo nyingi una kesi. Yeye alikuwa anadunduliza kidogo kidogo kwa ajili ya kipaimara cha kaka, zikafika kilo kumi, aliposikia wanapita nyumba kwa nyumba akatoka usiku akazichimbia chini ya mgomba. Mvua ikanyesha wiki nzima. "Andika, marehemu aliwahi kuzika sukari, mazishi hayakuhudhuriwa na mtu ila sisimizi." Hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka maumivu, akajikunja ameshika kiuno, macho kayafumba, mimi nikaweka peni chini, Mama kasimama mlangoni na kisu chake, hakuna anayeongea, ng'ombe tu analia kule nyuma. Sijui ni dakika ngapi. Halafu bila kufumbua macho akasema, "Mbona umeacha? Marehemu hajamaliza."

Tukamaliza. Mwisho kabisa akasema andika alifariki tarehe, weka nukta nukta, hapo utajaza mwenyewe.

Nilijaza baada ya wiki saba. Ila ile haikusomwa, baba mkubwa aliipitia akasema hii huwezi kuisoma mbele ya mchungaji, akaandika nyingine: mcheshi, mcha Mungu, alipenda watu wote. Sikubisha. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli hata mimi niliona aibu ile ya wali isomwe na wageni wote wale pale, halafu ikawaje kama angejitokeza mtu kweli.

Siku ya tatu wageni wamepungua, tunaosha masufuria na Mama, akaniuliza taratibu, "Na ile ya sukari mbona hamkusoma?"

Nikamwambia baba mkubwa alikataa.

Akasugua sufuria weee, akasema, "Hazikuwa kumi bwana, zilikuwa ishirini. Baba yako alikuwa anaogopa mpaka kwenye wasifu wake."

Sasa huyu jirani yetu, Mungu amrehemu, namjua kwa mambo mawili tu, alikuwa anaazima ngazi na harudishi. Mke wake anasubiri ukurasa mmoja kabla ya saa nane. Nimefika "Marehemu alizaliwa".