Mbao za ubavu wa kushoto

Nikikaribishwa kiti kwenye nyumba ya watu, mkono wangu huenda wenyewe chini ya kikalio, kupapasa pale ubao wa ubavu unapokutana na mguu wa mbele. Mazoea hayo niliyapata Keko, Dar es Salaam, mwaka 2003, katika karakana ya mjomba wangu. Nilikuwa na miaka 19.

Mama mmoja wa Chang'ombe alikuwa ameagiza viti 6 vya meza ya kulia, vya mninga, na sharti lake lilikuwa moja tu: asione msumari wala kichwa cha skrubu. Mjomba alifurahi sana. Alichukia kiti kilichopigwa msumari, tundu likazibwa kwa unga wa mbao na gundi, kisha kikang'arishwa kwa vanishi, maana aliletewa vingi vya namna hiyo kuvitengeneza, vikilia kila anapokaa mtu. Kwake, kiti kilishikwa na ulimi, yaani ncha ya ubao iliyochongwa nyembamba, uliozama kwenye tundu lisilotokea upande wa pili. Basi.

Ila kiti cha kulia si sanduku. Hivi vilikuwa na sentimita 45 mbele, 38 nyuma, na 40 kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo kila ubao wa ubavu ulikuwa umelala kuelekea ndani kwa digrii 5 hivi. Digrii 5 jicho halizioni, na hapo ndipo penye hatari. Bega la ulimi, yaani sehemu ya ncha ya ubao inayobaki kando ya ulimi na kuegemea mguu, likikatwa mraba, linaugusa mguu upande mmoja, upande mwingine linaacha mwanya wa milimita 2. Ukibana kwa klampu mwanya unafunga, lakini kiungo kinabaki kikivutana ndani kwa ndani, na siku moja gundi inasalimu amri.

Mjomba hakuwahi kutamka neno digrii. Alichora nusu ya kiti kwenye plaiwudi kwa ukubwa wake halisi, akalaza juu ya mchoro ile guni, kipimo cha pembe chenye mkono unaozunguka, akakaza skrubu yake, akanikabidhi.

"Usiilegeze mpaka ubao wa mwisho."

Mabega nilichora kwa kisu, kwa sababu mstari wa penseli una unene na msumeno haujui ufuate ukingo upi. Matundu ya miguuni yalikuwa na upana wa milimita 8, theluthi ya unene wa ubao, na kina cha milimita 30. Niliyachimba wima kabisa, nimefunga kipande cha utepe kwenye patasi ili nijue pa kuishia. Kilicholala ni ulimi. Nilifanya kazi hiyo siku mbili nikiwa sisikii hata redio ya jirani: mbao 12, ndimi 24.

Siku ya tatu asubuhi tukaunganisha kiti cha kwanza kikavu, bila gundi. Ubavu wa kulia ukaingia taratibu, hewa ikitoka tunduni, bega likalala juu ya mguu pasipo kuacha hata nafasi ya unywele. Nilitamani kupiga kelele. Kisha tukaweka wa kushoto. Ukachanuka nje kama mlango ulioachwa wazi.

Nilikuwa nimelaza guni upande uleule kwenye mbao zote. Ubao wa kushoto ni ule wa kulia ukitazamwa kwenye kioo, na mimi nilikuwa nimetengeneza mbao 12 za kulia. Kama zingekuwa zimenyooka, ningezipindua juu chini na pembe ingekubali, lakini upande wa chini tulikwisha kuukata upinde.

Sikuweza kunyanyua macho. Mninga ule ulinunuliwa kwa fedha za mama yule.

"Mjomba, nimeharibu."

Akachukua ubao mmoja, akapitisha kucha kwenye bega. "Bega umelikata vizuri. Limekosea upande tu. Lete msumeno."

Tukakata ndimi 12 za mbao sita, tukalaza guni upande wake unaostahili, tukakata ncha upya. Kila ubao ulipungua kama milimita 4, ikabidi na zile sita nzuri tuzipunguze vivyo hivyo. Hilo liliniuma kuliko yote. Kwenye ncha mpya tukachimba matundu na kupandikiza ndimi za mninga zilizochongwa peke yake. Mjomba alinionyesha nyuzi zake. Ulimi uliochongwa ukiwa umelala unakata nyuzi za ubao njiani. Huu wa kupandikiza nyuzi zake zilinyooka ncha hadi ncha.

Mama alipokuja, niliomba moyoni mjomba anyamaze, kwani hakuna jicho ambalo lingeona. Yeye akakipindua kiti cha kwanza, akamwonyesha ubavu wa kushoto, akamweleza yote na kumwambia achague: avichukue au asubiri vingine. Mama akauliza nani alikosea.

"Karakana yangu," mjomba akajibu.

Mama akaketi, akajisukuma nyuma mara mbili kwa nguvu, akasema anakwenda kuita gari.

Kabla gari halijafika mjomba alinipa kisu. Chini ya kila ubao wa kushoto nikachora mstari mfupi, ili fundi atakayevifungua siku moja ajue kuwa ndani kuna ulimi uliopandikizwa, asiuvunje.