Malengelenge kwenye glezi yenye oksidi ya chuma: kilichoyaondoa

Hatimaye vikombe vyetu vya udongo vimetoka laini! Hapa karakanani Kariobangi, Nairobi, glezi yetu nyeusi (mchanganyiko unaopakwa juu ya chombo na kuyeyuka tanurini kuwa kama kioo), yenye oksidi nyekundu ya chuma asilimia 10, ilikuwa ikitoka na malengelenge, mengine yamepasuka na kuacha kingo kali. Nilipaka nyembamba, nikarefusha mchomo wa kwanza, ule wa kabla ya kupaka glezi; wapi.

Ikipita takriban nyuzi 1,230 za Selsiasi, oksidi hiyo huachia oksijeni, na gesi huchemsha glezi. Kwa hiyo kukawiza moto kileleni, yaani kwenye joto la juu kabisa la mchomo, kama wengi wanavyoshauri, huzidisha viputo. Kwenye tanuri letu la umeme nilifika 1,240, nikashusha mara moja hadi 1,150, nikashikilia hapo nusu saa. Kushusha kwanza ndiko siri yenyewe: gesi imetulia, na glezi bado inatiririka kiasi cha kuziba mashimo.