Mgonjwa akishatoka wodini

Alhamisi sishiki kisu. Ni siku ya darasa na tasnifu za wanafunzi wa uzamili, na siku hizi ni siku ya simu. Tunafungua rejista ya chumba cha upasuaji, tunawatafuta wagonjwa wa saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, tuliowapasua miaka miwili mitatu iliyopita, kisha vijana wanapiga namba moja baada ya nyingine kuuliza kama saratani imerudi. Baadhi hazipatikani. Nyingine ni za shemeji aliyemleta mgonjwa, na shemeji keshahamia Geita machimboni.

"Shikamoo baba, napiga kutoka hospitali..."

"Marahaba mwanangu. Lile deni si tulishalimaliza?"

Ndivyo tunavyokumbukwa.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, kwa heshima zote, kama huu nao ni utafiti. Alitarajia maabara, vinasaba, angalau mashine inayotoa mlio. Nikampa habari ya Stockholm, Uswidi.

Mwaka 1982 Bill Heald, daktari wa upasuaji wa Basingstoke, Uingereza, aliandika kwamba saratani ya puru hurudi nyongani kwa sababu tunaacha nyuma mabaki ya mafuta yanayoizunguka puru, ambamo chembe za saratani hujificha. Alitaka puru itolewe pamoja na mafuta yake yote, ndani ya utando wake, bila kuutoboa. Kati ya utando huo na ukuta wa nyonga kuna njia ambayo karibu haina damu. Ukivuta nyama kwa nguvu inayostahili, njia inafunguka yenyewe, nyuzi nyeupe laini kama sufi. Ukivuta ovyo umepotea: upande huu unaingia kwenye mafuta na saratani yake, upande ule unakata mishipa ya fahamu ya mkojo na ya tendo la ndoa, na mwanamume wa miaka arobaini hatakuja kukulalamikia kwa sababu ataona haya. Haya yote nimeyachora ubaoni sijui mara ngapi. Mwanafunzi huyaelewa siku ambayo mkono wangu uko juu ya mkono wake.

Miaka ya 1990 madaktari wa Stockholm walimwalika Heald akapasue mbele yao, nao wajifunze kwa macho na mikono. Kisha wakafanya jambo ambalo walimu wengi hatulifanyi: wakahesabu. Katika majaribio yao mawili ya awali, saratani ilikuwa imerudi nyongani kwa asilimia 15 na 14 ya wagonjwa. Baada ya mafunzo ikawa asilimia 6. Na ule upasuaji wa kuondoa puru pamoja na njia ya haja kubwa, unaomwacha mtu na mfuko wa kinyesi tumboni maisha yake yote, ulipungua kwa zaidi ya nusu. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Majibu yalichapishwa mwaka 2000, na hadi leo sijaona hoja nzito kuliko hiyo ya kumwambia mkuu wa idara anayedhani kufundisha kunapunguza muda wa kazi.

Wao lakini wana rejista ya saratani ya nchi nzima, na kila Mswidi ana namba yake tangu kuzaliwa. Sisi tuna namba ya shemeji.

Hata hivyo kisingizio hicho hakinikai vizuri ninapomkumbuka Denis Burkitt. Alikuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, mwenye jicho moja, na sehemu kubwa ya utafiti wake aliufanya kwa posta na kwa gari: fomu kwenda hospitali za misheni, majibu yakirudi, na mwaka 1961 safari ya barabara ya maili zipatazo 10,000 kutafuta uvimbe wa taya za watoto unaishia wapi. Baadaye aliona saratani ya utumbo mpana ni adimu vijijini Afrika, akaihusisha na nyuzinyuzi za chakula chetu. Aliona alichokiona. Shida ni kwamba wengi wa rika langu tulilibeba hilo kama sheria, kwa hiyo kijana anayetokwa damu chooni anapewa dawa ya amiba, kisha ya bawasiri, kisha anakwenda kwenye mitishamba, na njia nzima hakuna aliyevaa glovu akampima njia ya haja kubwa kwa kidole. Kwa wanafunzi wangu hilo halina mjadala. Bila kidole, hujampima mgonjwa.

Narudi kwenye simu. Dodoso letu lilikuwa na maswali ya saratani tu, mpaka muuguzi wetu wa vidonda na mifuko aliposema: waulizeni mifuko wanapata wapi. Majibu yametunyamazisha. Kuna anayeufua mfuko mmoja mpaka upasuke. Kuna anayefunga nailoni kwa kitambaa. Kuna mama ambaye saratani haijarudi, ana afya, anakula vizuri, ila tangu apasuliwe hajahudhuria harusi wala msiba, anaogopa harufu. Kwenye jedwali la Stockholm mama huyu angeandikwa miongoni mwa waliofanikiwa.

Sasa kijana wangu amelazimika kurudi kamati ya maadili kuomba kibali cha kuongeza maswali ya mifuko, na ananung'unika kwamba atachelewa kuhitimu. Atachelewa, ndiyo. Nimemwambia pia aweke bei ya mfuko mmoja, kwa duka na kwa mkoa, maana wizarani hilo ndilo watakaloanza kumuuliza.